Kwenye kishikwambi anapata nyota tatu, kwenye kitabu hajui: nimewasaidia au nimewapoteza?

BARUA

Shikamoo Bi Mshauri. Naomba jina langu usilitoe wala jina la shule, hapa kwetu tunajuana wote.

Mimi ni mwalimu wa Darasa la Pili shule ya serikali hapa Tanga, upande wa baharini. Watoto wetu wengi baba zao ni wavuvi, mama zao wanaanika dagaa, wengine wanalelewa na bibi tu. Nina miaka 31, nimeolewa, nina mtoto wa miaka mitatu. Darasani nina watoto 87. Ndio, 87, na nawafundisha peke yangu.

Mwezi wa pili nilikaa nao mmoja mmoja niwapime kusoma, ikanichukua siku nne, nikakuta 14 hawasomi kabisa. Yani mtoto anakuimbia ba be bi bo bu vizuri tu, afu ukimuonyesha bo peke yake anaanza kuimba tena kutoka ba mpaka aifikie. Ni wale wale Bi Mshauri, unawajua, yule ambaye dagaa wakishuka anabaki pwani kumsaidia mama, yule ambaye kila siku daftari limeisha, yule anayekaa nyuma kabisa anajikunyata ili nisimuite.

Sasa nina kaka yangu yuko Muscat, nikamuelezea, akanitumia kwenye mzigo vishikwambi sita vya mtumba, kimoja kioo kimepasuka pembeni nimekiziba na selotepu. (Vile vya sensa ya 2022 ambavyo serikali iligawia walimu ni vya mwalimu kuandalia masomo, siwezi kuwapa watoto wachezee.) Nikaweka programu ya kujifunza kusoma kwa Kiswahili, ukishaipakua haihitaji bando. Nikaongea na wazazi wao kwa mdomo, nikawaambia wale 14 waje kwangu barazani saa kumi mpaka karibu na magharibi, Jumatatu mpaka Alhamisi. Bure. Tulianza mwezi wa tatu na sasa ni mwezi wa tisa.

Mwanzo nilikuwa na furaha siwezi kukuelezea. Watoto wanakuja mbio, mikono inanuka dagaa, nimeweka ndoo ya maji na sabuni mlangoni na leso ya kufutia kioo. Yule anayejikunyata nyuma ndio wa kwanza kufika. Wanakaa wawili wawili au watatu kwenye kimoja, wanagombana kidogo, wanacheka, programu inawapigia makofi na kuwapa nyota. Kuna vitu vya ajabu ajabu humo, mfano inaonyesha lile tunda jekundu la Ulaya inaliita tofaa, watoto wetu tofaa wanalolijua ni lile la mti wa uani lenye umbo la kengele, kwa hiyo hapo wanakosa wote. Lakini nikasema kidogo si haba.

Katika hao 14 kuna mmoja nitamwita Saumu, ana miaka tisa. Huyu alikuwa ndio nyota yangu. Ngazi zote anamaliza, nyota tatu tatu, mpaka nikamrekodi video nikamtumia kaka. Wiki tatu zilizopita nikasema ngoja nimpe kitabu cha darasani. Nikamfungulia ukurasa una picha ya mama anachota maji na sentensi moja chini. Saumu akaangalia ukurasa, akaniangalia, afu akanyoosha kidole akaibonyeza ile picha, akatulia. Bi Mshauri, alikuwa anasubiri kitabu kimsomee. Akabonyeza tena. Nilienda jikoni nikalia.

Kesho yake nikajaribu kitu kingine. Baba yake ana mashua imeandikwa SUBIRA ubavuni, anaiona kila siku. Nikaandika subira kwenye ubao, akasema Subira, haraka. Nikafuta a nikaweka i. Akasema Subira. Nikaandika subiria. Subira.

Basi nikawapima wote upya kwa vitabu, sio kwa kishikwambi. Watano wanasoma sentensi kweli, polepole lakini wanasoma. Wanne wanasoma silabi na maneno mafupi. Watano wako kama Saumu, wanajua kucheza programu lakini hawasomi. Miezi sita! Na upimaji wa Darasa la Pili ndio huo unakuja.

Mambo mengine yananizunguka pia. Mume wangu ni kibarua bandarini, sio mtu mbaya, lakini amechoka. Anasema umeme unaisha, barazani hapakaliki, akirudi kazini hana pa kukaa, na mimi usiku nimelala kama gogo. Anasema kama ni kazi basi iwe kazi, kila mtoto atoe mia tano kwa siku, wengine wanafanya tuisheni kwani wewe nani. Afu kuna mama mmoja ana duka kubwa, mtoto wake yuko darasani kwangu na anasoma vizuri tu, amesikia habari za vishikwambi anataka mtoto wake naye aingie, yuko tayari kunilipa elfu kumi kwa wiki. Na mkuu wangu wa shule naye anataka vishikwambi viletwe shuleni vikae kwenye kabati la ofisi, wageni wakija wapewe watoto wanaojua ili shule ionekane. Mimi shule niliyokuwa kabla ya hii tuliletewa kompyuta, zikafungiwa stoo mpaka panya wakala waya, kwa hiyo nikisikia neno kabati moyo unakufa.

Juzi umeme ulikatika tangu asubuhi, vishikwambi vyote vimezima, nikajua leo hawaji au wakija wataondoka. Wakaja wakakaa, nikakata maboksi ya biskuti tukaandika silabi na makaa, tukasoma hivyo hivyo mpaka giza. Hilo nalitaja tu.

Swali langu ni hili, nimewasaidia hawa watoto au nimewapotezea miezi sita kwa kuwafanya waone wanajua kumbe hawajui? Niendelee, nitoze hela, nipeleke shuleni, au nimrudishie kaka vitu vyake niwe mwalimu wa saa za kazi tu kama wenzangu? Nisaidie mama, silali.

Mwalimu wa Baharini, Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika pale kwenye kidole cha Saumu nasimama. Nimeshika chaki miaka mingi, madarasa ya chini hayo hayo ya KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu), na sijawahi kuona mtoto anabonyeza kitabu, lakini nimeona ndugu yake: mtoto aliyekariri kitabu kizima cha darasa la kwanza, anafungua kurasa na kusoma bila kukosea neno, ukikigeuza kitabu juu chini anaendelea kusoma vile vile. Kwa hiyo kosa hilo halikuletwa na kishikwambi. Ni la siku zote, sasa limepata taa na makofi.

Nikikusikia vizuri, una maswali mawili umeyafunga kwenye kanga moja. Moja ni la Saumu na wenzake wanne, kwamba je umewapoteza. La pili ni la kwako, nyumba yako, mume wako, mkuu wako, hela na usingizi. Tuyafungue moja moja maana ukiyabeba pamoja yanakuelemea.

Tuanze na Saumu. Unasema "wanajua kucheza programu lakini hawasomi", unaisema kama vile mtoto amekudanganya au wewe umemdanganya. Hebu mtazame tena. Mtoto wa miaka tisa aliyekuwa hasomi kabisa, amekuta kitu kinamuonyesha picha na maneno chini, huenda akagundua kwamba neno refu mara nyingi ni la picha ile, kwamba akikosea mara mbili jibu linawaka lenyewe, kwamba sauti inasoma akibonyeza. Hiyo ni akili mwanangu. Amejifunza kwa bidii sana kile alichoulizwa, na alichoulizwa ni kubonyeza. Programu nyingi za namna hii zinajua kidole kimegusa wapi, ila mdomo wa mtoto hazijui umetamka nini. Hakuna mtu aliyemwambia Saumu nisomee mimi nikusikie. Ulipomwambia, siku hiyo hiyo ukajua ukweli wote.

Hilo la tofaa uliloliandika kama kichekesho nalo linasema jambo zito. Mtoto anaweza kupata nyota hajui, na anaweza kukosa nyota anajua, kwa sababu aliyechora picha hajawahi kukaa chini ya mtofaa wa Tanga. Nyota ni habari ya programu, sio ya mtoto. Kwa hiyo ningekuwa wewe nisingezifuta, ila pia nisingezihesabu.

Kitu ambacho kingekusaidia kujua nani yuko wapi ni maneno yasiyo na maana. Andika tefu, lomi, bapeo, mbeki, nyulo. Hayana picha, hayajaandikwa kwenye mashua ya mtu, hayapo kwenye wimbo. Anayeyasoma amekamata silabi, anayebaki anakuangalia usoni hajakamata, basi hakuna pa kujificha. Kiswahili chetu kimetupa bahati hapo, kinavyoandikwa ndivyo kinavyosomwa, mtoto akishajua kuunganisha sauti mlango umefunguka wote, zinabaki zile za kukwama kama mbwa na ng'ombe na ghala. Ulichofanya na subira, subiri, subiria ni kipimo hicho hicho, umekibuni mwenyewe ubaoni bila mtu kukufundisha, na mimi nakuvulia kilemba.

Sasa hilo neno lako, miezi sita. Nataka nikukumbushe jambo lililotokea mkoa wetu huu huu wa Tanga, huenda ulikuwa chuo wakati ule. Kuanzia mwishoni mwa 2017 mpaka mwanzoni mwa 2019 watoto kama 2,700 wa vijijini walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunza KKK kwa Kiswahili, yalikuwa mashindano ya dunia yanaitwa Global Learning XPRIZE, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani wakishirikiana na serikali yetu. Vijijini waliweka vituo vya kuchaji kwa jua. Watoto watatu kati ya wanne walikuwa hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya 90 kwa 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Miezi 15 baadaye idadi hiyo ikawa imepungua kwa nusu. Programu mbili, Kitkit School na ile ya shirika la onebillion, zikatangazwa washindi mwezi wa tano 2019 wakagawana dola milioni 10.

Watu walishangilia ile nusu, na mimi nilishangilia, mtoto ambaye hajawahi kuiona shule anasoma neno kutoka kwenye kioo, jamani si jambo dogo. Lakini nusu nyingine ilibaki pale pale. Miezi 15, programu zilizoshinda dunia nzima, na bado wapo watoto wengi hawakuweza neno moja. Wewe katika 14 una tisa waliosogea, watano kati yao wanasoma sentensi, ndani ya miezi sita, na vishikwambi vya mtumba na selotepu. Silinganishi ili nikupambe, watoto wako wanakuja shule na wale hawakuwa wanakwenda, mazingira ni tofauti. Nasema tu kwamba hao watano waliobaki sio ushahidi wa uzembe wako. Ni watoto ambao kioo peke yake hakiwatoshi, na wapo kila mahali.

Peru waliwahi kugawa laptop kwa watoto wa shule za msingi vijijini, mpango mkubwa wa nchi nzima, afu utafiti uliotoka 2012 ukaangalia shule 319 baada ya miezi 15, wakakuta watoto hawajapanda kwenye lugha wala hesabu. Laptop ziligawiwa, kazi ya kufundisha ikabaki kama ilivyokuwa. Halafu Delhi kule India kulikuwa na vituo vya jioni vya wanafunzi wakubwa kuliko wako, programu yao ilianza pale mtoto alipo kweli na sio pale darasa lake linaposema awepo, na kila siku walikuwa na dakika 45 za kompyuta na dakika 45 za kukaa na mwalimu msaidizi kwenye kikundi kidogo. Hao walipanda, tena vizuri, ndani ya miezi minne na nusu. Naipenda hiyo nusu kwa nusu yao. Siijui baraza yako inakwendaje dakika kwa dakika, lakini kwa ulivyoandika naona kioo kimechukua saa zote na wewe unahangaika na chaji, foleni, nani kamsukuma nani. Ungekuwaje kama watoto saba wako kwenye vishikwambi na saba wamekuzunguka wewe, kila mmoja anasoma kwa sauti sentensi mbili tu, afu mnabadilishana? Na hao saba wasiwe wanapokezana kwa usawa, Saumu na wenzake wanne wangekaa kwako mara nyingi zaidi. Hatari yake ni kwamba wataona wamenyang'anywa raha kwa sababu hawajui, na mtoto akishaona hivyo anarudi kujikunyata. Inabidi kukaa na wewe kuwe na utamu wake.

Na utamu huo unao tayari. Umeniandikia "hilo nalitaja tu". Umeme umekatika, vioo vimezima, watoto wakakaa na maboksi ya biskuti na makaa mpaka giza. Mwanangu, mimi katika barua yako nzima hapo ndipo nilipoweka kidole. Wewe unaamini wanafuata vishikwambi. Siku ambayo vishikwambi havikuwepo walimfuata nani?

Hapo ndio nafika kwenye swali la pili, maana kama kinachofanya kazi ni wewe, basi wewe ndio unaisha kabla ya umeme wa LUKU.

Mume wako. Umeandika maneno yake yote kama lawama, lakini nimeyasoma taratibu: hana pa kukaa akirudi kazini, na wewe usiku umelala kama gogo. Mtu anayelalamikia umeme wakati mwingine umeme ni kisingizio tu. Kibarua wa bandarini anabeba kutwa, anarudi anakuta baraza yake ina watoto 14 na mke wake sauti yake ya mwisho ya siku imeshaishia kwa watoto wa watu. Sijui kama ndivyo. Wewe unaweza kujua, kwa kumuuliza, siku ambayo sio ya watoto. Huenda siku mbili badala ya nne zingerudisha nyumba yake na zisipunguze sana watoto, huenda saa kumi mpaka saa kumi na moja na nusu badala ya magharibi. Huenda pia atakwambia hapana, anataka hela, na hapo utakuwa na mazungumzo mengine, ila yatakuwa ya kweli.

Hela yenyewe sio dhambi mwanangu, mwalimu anakula na mtoto wako anakula. Lakini piga hesabu na mume wako mezani. Mia tano kwa siku nne ni elfu mbili kwa wiki. Bibi anayelea mjukuu, mama wa dagaa siku ambazo boti hazikutoka, atatoa wiki ya kwanza, ya pili atasema mtoto anaumwa. Watakaoondoka kwanza ni wale ulioanza kwa ajili yao. Halafu elimu ya msingi ni bila ada na wewe ni mwalimu wa serikali, kuchukua hela kwa watoto unaowafundisha darasani mwenyewe ni jambo linaloweza kukupeleka pabaya, hata kama nia ni safi.

Mama wa duka na elfu kumi yake ni mtihani zaidi, kwa sababu hela ile ni nzuri na mtoto ni mmoja tu. Jiulize siku vishikwambi vimebaki vitatu vyenye chaji, na huyo aliyelipiwa yuko na Saumu yuko, mkono wako utampa nani. Najua unavyofikiria sasa hivi, nauliza mwezi wa tatu wa kupokea. Ila huyo mama usimuone adui, ameona kitu kizuri anamtakia mwanawe. Ungeweza kumuonyesha programu akamuwekea mtoto kwenye simu yake nyumbani, anaweza huyo, ana simu na ana chaji. Wako hawana.

Mkuu wako. Hapa nakuomba unisikilize bila kukasirika. Kabati nalichukia kama wewe. Lakini ukikaa kwenye kiti chake, una mwalimu anachukua wanafunzi 14 wa shule nyumbani kwake, hakuna barua, hakuna saini ya mzazi, wanaondoka giza linaingia. Siku mmoja akigongwa na bodaboda pale barabarani ataulizwa nani? Inawezekana anataka kuwaonyesha wageni, inawezekana pia anaogopa na hajui kusema. Hujasema kama umempelekea matokeo yako kwenye karatasi: mwezi wa pili 14 hawasomi, mwezi wa tisa watano sentensi, wanne silabi, watano bado. Mkuu wa shule anayesubiri upimaji akiona karatasi ile sidhani kama ataifikiria kwa jicho lile lile. Unaweza kuomba chumba saa ya jioni na ufunguo ubaki kwako. Anaweza kukubali, anaweza kuvichukua vyote vikaishia kabatini, hatari hiyo ipo, kwa hiyo kabla ya kwenda amua vishikwambi ni vya nani, maana kaka yako alikutumia wewe na hilo linaweza kuandikwa kwenye karatasi hiyo hiyo. Na hata ukibaki barazani, saini za wazazi zipate wiki hii, wasiojua kuandika waweke dole gumba.

Kuhusu kuacha kabisa, "mwalimu wa saa za kazi tu kama wenzangu". Ukiacha sitakuona mbaya. Una watoto 87 asubuhi, mtu mwenye 87 ana haki ya kuchoka. Nakuuliza tu, ukiacha utaacha lini, baada ya upimaji au kabla, na hao watano utawaambia nini, maana wakiona umeacha wao watajua ni kwa sababu yao. Watoto wa nyuma darasani ndivyo wanavyohesabu. Kama utapumzika, pumzika kwa kuwaaga, na yale maboksi ya silabi waende nayo nyumbani.

Kaka yako usimrudishie kitu sasa hivi. Mpigie umuelezee na hili la Saumu, alitumiwa video ya nyota, anastahili kujua na ya kitabu.

Na Saumu mwenyewe. Kata boksi vipande vitatu, su, bi, ra. Hilo ni jina la mashua ya baba yake, analipenda, anzia hapo. Mwache avipange, avipangue, bi-ra-su, ra-su-bi, avisome hata kama havina maana, atoe bi aone imebaki sura, ajishike sura yake. Mwongezee ri, mwongezee ka. Kidole chake kiguse kila kipande na mdomo useme, asiseme mpaka kidole kimefika. Akishazoea, jioni moja mashua zikiwa zimepandishwa mchangani mshike mkono mwende pwani, mpitishe ile ya baba yake msisimame, mwende kwenye zile za watu wengine ambazo majina yake hayajui, usimsaidie, hata akikaa kimya muda mrefu usimsaidie. Halafu niandikie amesoma ngapi.